Maji Niliyoyafua Njiani

Safari ile ya kuuleta mtumbwi wa baba tulikuwa watu sita, na nitawataja wote kabla sijasahau. Alikuwepo baba yangu, Athumani, mvuvi wa mshipi pale Kigombe. Alikuwepo ami Bakari, mdogo wake baba wa tumbo moja. Alikuwepo Fundi Singano, mchonga mitumbwi wa huko bara ya Muheza. Dada yake aliolewa kwetu pwani, kwa hiyo baba alimwita shemeji. Alikuwepo Mhina, Mbondei, dereva wa trekta la shamba la mkonge, ambaye undugu wetu naye ulikuwa wa samaki tu: kila Jumamosi alikuja kununua changu kwa baba na kukaa kupiga soga. Alikuwepo Mzee Kipanga, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Mwinjuma, mkubwa wa wavua mshipi wote pale pwani. Huyu hakualikwa, alikuja mwenyewe ili atoe ushauri. Wa sita ni mimi, na meno ya mbele nilikuwa sina. Mama yangu, Mwanaisha, hakuwepo. Alikuwa ndani, hajatimiza arobaini ya mdogo wangu Rajabu, na hiyo ndiyo sababu nikachukuliwa. Nyumbani nilikuwa nikimwamsha mtoto.

Haya yamenirudia juzi kwa sababu ya simu ya mjukuu wangu Hamadi, anayekaa Usagara pale mjini. Amejinunulia boti ya faiba, anataka kuivuta kwa gari mpaka Kigombe akavue mwisho wa wiki na wenzake. Alikuja kunisalimia, akaketi barazani, akaifungulia simu yake sauti. Kumbe wana kikundi chao wavua mshipi, wanapeana ushauri humo humo kwenye simu. Nami nilikuwa nakuna nazi, nasikiliza.

Mmoja alisema, "Kaka Hamadi, ukiipakia kwenye tela, uzito usiurudishe nyuma. Ukiurudisha nyuma, gari litatikisa mkia kama mbwa aliyemwona bwana wake."

Wa pili akasema, "Ninachouliza mimi, hicho kigari chako kitaivuta boti, au boti ndiyo itakivuta chenyewe?" Akacheka mpaka akakohoa.

Wa tatu, mtu mzima kidogo kwa sauti, akasema, "Mwacheni mwenzenu. Hamadi, angalia upepo wa tairi za tela. Halafu kabla hujaondoka chomoa kizibo cha chini, maji yote yatoke. Lisibaki hata tone. Maji ndani ya boti barabarani ni balaa."

Lisibaki hata tone. Mkono wangu ukasimama juu ya mbuzi. Pale pale barazani nikaipata harufu ya mwembe mbichi uliochongwa, ile harufu yenye utamu na ukali pamoja, kama embe changa lililopasuliwa. Sijaisikia miaka mingi. Hamadi akaniuliza, "Bibi, umejikata?" Nikamwambia hapana, endelea kusikiliza wenzako.

Wenzangu wa umri wangu mnajua, ila wajukuu wetu hawajui, kwamba ngalawa huzaliwa bara. Mwembe mnene haupatikani kila mahali pwani, basi fundi huukata huko ulikoota na kuuchonga nusu nusu. Ule mtumbwi mzito, ambao haujakamilika, ndio huvutwa mpaka baharini, na fundi hufuatana nao, akaumalizie pwani na kuutia mikono yake ya pembeni. Zamani ulivutwa na watu juu ya magogo, siku mbili tatu, kwa nyimbo, na mwenye chombo akiwapikia wali njia nzima.

Baba alikuwa na ngalawa yake, ikapasuka kwenye mwamba. Kilichookoka ni baba mwenyewe na kata yake ya kufulia maji, kifuu cha nazi chenye mpini wa mti, aliyoogelea nayo mkononi bila kujua ameishika. Tangu hapo akawa anapanda vyombo vya watu. Mvuvi anayepanda chombo cha mtu hana kauli. Ataenda anakotaka mwenye chombo, na atarudi saa anayotaka mwenye chombo, hata kama samaki ndiyo kwanza wameanza kula. Siku moja baba alinawa mikono baada ya chakula akamwambia mama, "Mwaka huu sipandi tena cha mtu." Akasema mara moja tu. Baba alikuwa hivyo, jambo akilisema mara mbili ujue hana nia nalo.

Akatafuta mwembe miezi. Shemeji yake Singano akampatia mmoja, ambao watu wawili wakiukumbatia vidole havikutani. Mwingine wa namna hiyo hakuuona, na wala hakuwa na cha kununulia mwingine. Watu wa kuvuta nao wakawa adimu, kwa kuwa samaki walikuwa wametoka na kila mwanamume alikuwa baharini. Hapo ndipo Mhina aliposema, "Mimi naomba ruhusa kwa msimamizi. Tela linapanda huko tupu, litashuka na mtumbwi wako."

Basi pwani nzima ikageuka mafundi wa trekta. Mimi sikuyasikia mabishano hayo, nilikuwa nyumbani nikimchemshia mama maji ya kukandwa. Nilihadithiwa baadaye na ami Bakari, na ami alikuwa akihadithia kwa sauti za watu wote.

Mzee Kipanga alisema, "Chombo kitangulie omo. Mmeona wapi chombo kikienda kwao kinyumenyume?"

Mhina akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, tela halijui omo wala tezi. Tela linajua uzito. Upande mnene ukae juu ya magurudumu, mwembamba ndio uninginie."

"Mgosi," akadakia ami Bakari, maana ndivyo wanaume wa Kibondei wanavyoitana, "wewe maisha yako yote umevuta mkonge. Mkonge ukianguka utauokota. Huu ukianguka tutaokota kuni."

"Ndiyo maana nasema uzito juu ya magurudumu, Bakari."

"Na ukifika mchangani," Mzee Kipanga akaendelea, "toa upepo kwenye tairi. Tairi laini linatembea juu ya mchanga, tairi gumu linauchimba."

"Trekta gani linatolewa upepo, mzee? Hii si baiskeli," akasema Mhina.

Halafu likaja jambo la maji. Fundi Singano alikuwa ameshatuma neno: mtumbwi mbichi usafiri na maji ndani, kina cha shibiri moja, na magunia yaliyolowa juu yake. Mti uliochongwa nusu jua likiukuta mkavu, unapasuka. Mhina hakuyapenda maji. Alisema maji ni mazito, tena yanatembea, akikata kona yataegemea upande mmoja na tela litayafuata. Wakabishana mpaka baba akasema, "Shibiri moja. Na wewe Mhina utakwenda polepole." Mhina akakubali, lakini kila mtu pale pwani alikuwa amesikia kwamba yeye maji hakuyataka. Hilo likumbukeni.

Alhamisi tukapanda bara, Ijumaa asubuhi mtumbwi ukapakiwa. Ulikuwa mwekundu kwa ndani kama ulimi, na unapoupapasa unakuachia ute mkononi. Walipokuwa wakitia maji mimi sikuona. Mke wa Fundi Singano alikuwa ameniita uani ananimenyea machungwa, na niliporudi, kinywa kinaniwasha, nikakuta mtumbwi umefunikwa magunia na kufungwa kamba, tezi, ile nyuma yake nene, juu ya magurudumu kama alivyotaka Mhina, na Mzee Kipanga amenuna. Baba akanipandisha kwenye tela, kikapu chake pembeni yangu. Ndani ya kikapu ilikuwamo ile kata.

Tukashuka. Barabara za mashamba ya mkonge mnazijua, nyekundu na nyoofu, mistari ya mkonge inakimbia pande zote mpaka macho yanachoka. Mhina alikwenda mwendo wa bibi harusi. Mzee Kipanga alisimama juu ya tela, upande wa mbele, akimpigia kelele, "Shimo kushoto! Kushoto, we Mhina!" na Mhina hasikii kitu kwa mngurumo.

Adhuhuri tukafika penye vibanda vichache na msikiti mdogo wa udongo. Ilikuwa Ijumaa, wanaume wakashuka kuswali. Mhina, ambaye ni Mkristo, akachukua debe, akasema rejeta inachemka, anateremka kijitoni kuteka maji. Baba alivaa kanzu yake nyeupe aliyokuja nayo imekunjwa, akaniambia, "Mama," (baba akiniita hivyo, nilipewa jina la mama yake) "wewe ndiye nahodha. Mtu asiguse chombo mpaka turudi."

Nikabaki nahodha. Jua liko utosini, trekta linatoa milio midogo midogo linapopoa. Nikaona nikikague chombo changu, nikainua pembe ya gunia.

Maji!

Lazima niwaeleze kazi yangu ilikuwa nini pale pwani, mpate kuelewa. Baba alipokuwa na ngalawa yake, kila asubuhi ikishavutwa mchangani mimi ndiye niliyeruka ndani na kata nikaanza kufua, kuyachota maji yaliyoingia na kuyamwaga nje mpaka chombo kikauke. Baba alisimama akinitazama na kusema, "Maji ya kubeba chombo yako nje, mama. Ya ndani ni mgeni asiyepiga hodi. Usimwonee haya." Kati ya mambo yote ya dunia, hilo moja nilikuwa nalijua sawasawa. Na tangu ngalawa ipasuke nilikuwa sina kazi.

Nikafikiri, maskini baba. Chombo hakijafika baharini na tayari kimeshavuja. Wala sikujiuliza maji yangevuja kutoka wapi, juu ya tela, katikati ya mkonge. Akili ya mtoto ikishapata jambo inalolijua, haiulizi zaidi.

Nikatoa kata, nikaingia chini ya magunia. Humo ndani kulikuwa na joto na ile harufu ya mwembe, imenizunguka kama blanketi. Nikafua. Nilianzia tezini nikaenda omo, nikarudi, nimepiga magoti, maji yanapita kwenye ubao wa tela na kunywewa na vumbi. Kina cha shibiri si kidogo kwa mtoto, mikono iliniuma mpaka nikalia kidogo, nikajifuta, nikaendelea. Yaliyobaki chini niliyafuta kwa kikanga changu. Halafu nikaona magunia nayo yanachuruzika, nikayakamua moja moja kwa kuyakalia, nikayatandika upya, yamenyooka kama shuka la mgeni. Nikairudisha kata kikapuni. Kila kitu kimekauka. Sijawahi kujiona mtu mwema kama saa ile.

Baba akarudi. "Nahodha, vipi?"

"Salama, baba."

"Hakuna mtu aliyegusa?"

"Hakuna."

Wala sikusema uongo kwa akili yangu. Mimi si mtu, mimi ni nahodha. Na ile kazi nilitaka aigundue mwenyewe tukifika Kigombe, afunue magunia, aite watu waone. Mhina naye akapanda kutoka kijitoni na debe lake, akajaza rejeta. Tukaondoka.

Sijui tulikwenda umbali gani. Nilikuwa nimeanza kusinzia niliposikia mlio mmoja, mkavu, kama mtu aliyevunja kuni kwenye goti. Fundi Singano alirukia mbele akaanza kupiga ubao wa tela kwa ngumi, "Simamisha! Simamisha!" Trekta likasimama. Akafunua magunia, akaingiza mkono mpaka begani, akautoa. Mkono mkavu.

Ufa ulikuwa umeanzia tezini kabisa, umeelekea omo, mrefu kuliko mkono wake kutoka kiwiko hadi vidoleni.

"Maji yako wapi?" akauliza. Akauliza polepole.

"Nilisema mimi," akasema Mzee Kipanga. "Omo ingetangulia..."

"Mzee, nyamaza!" Sijapata kumsikia ami Bakari akimwambia mkubwa neno kama lile. Alisharuka chini, anamfuata Mhina. "Nani alibaki na chombo? Si wewe? Nani aliyesema maji mazito?"

"Mimi nilikwenda kijitoni."

"Na debe mkononi! Sisi tunaswali, wewe unamwaga!"

"Nilikwenda kuteka, Bakari. Kuteka maji ya rejeta."

"Na ya chomboni nani kayateka? Malaika?"

Mhina alikuwa mtu mpole, mwenye mabega mapana, akiongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Alimtazama baba, kama anamngoja aseme. Baba hakusema. Alikuwa ameweka kiganja juu ya ufa, na Fundi Singano amekilaza kidole chake mwisho wake, anausikiliza. "Unakwenda," fundi akasema. "Athumani, bado unakwenda."

Kule kunyamaza kwa baba ndiko kulikomwumiza Mhina, nadhani, kuliko matusi ya ami. Akazunguka nyuma ya trekta, akainama, akaichomoa pini inayounganisha trekta na tela. Chuma kikalia. "Kama mimi ni mtu wa kumwaga chombo cha mwenzangu," akasema, "basi nisikivute. Wakivute watu mnaowaamini."

Nilijua maana ya pini ile. Nilimwona asubuhi akiitia. Trekta likiondoka, mtumbwi wa baba utabaki pale barabarani, juu ya tela, katikati ya jua na mkonge, mpaka upasuke wote. Na baba atarudi kupanda vya watu. Nikawatazama wote. Nikatazama kikapu. Ndiyo kwanza kitu kikaanza kujipanga kichwani mwangu, polepole kama mtu anayevaa kanzu gizani: yale maji yalitiwa.

Niliitoa kata, nikaiinua juu, wote waione.

"Ni mimi, baba. Niliyafua mimi."

Baba akageuka, akaitazama kata, akanitazama, akaona kikanga changu kilivyolowa na kukauka na vumbi.

"Kwa nini, mama?"

"Yalikuwa ndani ya chombo."

Baba akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na kanzu yake ya Ijumaa. Akaweka mkono mdomoni. Mimi nikangoja kofi, na nilishalihalalisha. Aliponyanyuka alisema, "Nimemfunza mwenyewe." Hilo tu. Halafu akamwendea Mhina akasema, kila mtu akisikia, "Ndugu yangu, nilinyamaza pale pa kusema. Niwie radhi."

Mhina akaitikia kwa kichwa. Lakini pini bado iko mkononi, na macho yake yako kwa ami Bakari. Ami alitazama mkonge upande wa kulia, akautazama wa kushoto, hakuona mwenye kumsaidia. Akaomba radhi kama mtu anayemeza mwiba wa changu. Mhina akamnyooshea pini. Ami akaipokea, akapiga magoti vumbini, akaitia mahali pake kwa mkono wake mwenyewe. Siku hizi watu wakiniambia jambo fulani limekwisha kati ya ndugu, huwa nauliza moyoni, pini nani aliirudisha?

Baada ya hapo hakuna aliyepoteza muda kwa maneno. Baba alivua kanzu. Akaimwagia maji yetu yote ya kunywa, akaisokota, akaikandamiza ndani ya ufa kwa vidole gumba, kipande kwa kipande, mpaka yote ikaingia na kuufunika. Mzee Kipanga akavua kofia yake kutaka kuongeza, baba akamwambia inatosha. Mhina akasema mbele, si mbali, kuna kisima cha shamba, yeye anakijua, wengine hatukukijua. Akaendesha polepole kuliko mwanzo, na Fundi Singano amejilaza ndani ya mtumbwi, kivuli chake kinaufunika ufa.

Pale kisimani tukateka. Wanaume kwa madebe, mimi kwa kata. Hakuna aliyeniambia niteke na hakuna aliyenikataza. Kutoka kisimani mpaka kwenye tela, kata moja, nusu inamwagika njiani, naimimina, narudi. Ami Bakari akaniambia, "Acha, mwanangu, madebe yanatosha." Baba akasema, "Mwache." Nikaendelea mpaka shibiri ikatimia. Mikono ile ile iliyokuwa imeyatoa ndiyo iliyoyarudisha, na iliuma zaidi kurudisha.

Fundi akatoa keke yake, akatoboa tundu moja dogo pale ufa ulipoishia. Nikastaajabu, anatoboa tena chombo kilichokwisha pasuka? Akaniona ninavyotazama, akasema, "Ufa ukikuta tundu, unapotea njia." Na kweli, haukuendelea hata unywele.

Tulifika Kigombe watu wanatoka kuswali alasiri. Trekta lilipoingia mchangani likazama, linachimba, linachimba. Mhina akazima mashine. Akashuka, akamwendea Mzee Kipanga. "Haya, mzee. Nitoe upepo kiasi gani?" Weee! Mzee Kipanga alisimama wima kama aliyepewa kilemba. Akazunguka tairi moja moja akizibonyeza kwa kidole gumba, "Bado. Bado kidogo. Hapo hapo!" Na trekta likatoka, likapita juu ya mchanga kama linatembea juu ya mkeka. Mpaka anakufa mzee yule hakuacha kuisimulia siku hiyo, na katika simulizi yake hakukuwa na maji wala ufa, kulikuwa na tairi tu.

Nilikimbia nyumbani kwa mama kabla watu hawajamfikishia. Chumba kilinukia udi na mafuta ya nazi, na Rajabu amelala. Mama hakuruhusiwa kutoka kukiona chombo, basi ilibidi akione kwa mdomo wangu. Nilimwambia yote, nikaanza na ufa. Akasikiliza, akaniuliza, "Baba yako kasemaje?"

"Kasema kanifunza mwenyewe."

"Basi na akufunze tena," akasema mama, akaniwekea mtoto mapajani.

Na alinifunza. Siku zote Fundi Singano alizokaa kwetu akiumalizia mtumbwi, baba alinikalisha karibu anieleze: mti ukiwa mbichi maji yako ndani yake na yanataka kutoka kwa haraka, nawe kazi yako ni kuyazuia yasitoke mbio. Mti ukishakomaa baharini, ndiyo unaanza kuyafukuza. Maji ni yale yale, mama, uliza kwanza chombo kiko wapi. Ufa wakauziba kwa pamba na mafuta ya papa, wakapigilia ubao juu yake, wa nje na wa ndani. Baba alikataa usipakwe rangi. Samaki wa kwanza aliyevuliwa na ngalawa ile alikuwa changu mkubwa, na alikwenda kwa Mhina. Ami Bakari ndiye aliyempelekea, kwa miguu.

Baba hakupanda tena chombo cha mtu. Alivulia ngalawa ile mpaka wadogo zangu wote wakaoa. Ule ufa haukufunguka, ila kila asubuhi ulitoa jasho kidogo, vikata vitatu vinne, na kazi ya kuyafua ilibaki yangu mpaka nilipoolewa. Kata ninayo. Hamadi huichukulia pambo.

Nilipomaliza kumsimulia haya juzi, alikuwa na simu yake mkononi, wenzake bado wanamtumia maneno. Akaniuliza, "Sasa bibi, kizibo nichomoe au nisichomoe?"

"Chomoa," nikamwambia. "Faiba haina kiu. Na huyo aliyekuambia uzito usikae nyuma, msikilize, Mhina angesema hivyo hivyo. Lakini siku ya safari ukimwacha mtu nyuma alinde boti yako, usimwambie asiguse tu. Mwambie na sababu."

Nami nitakwenda. Nimeshamwambia anitengee kiti cha mbele, na kata naichukua, mtu hajui la mbele.

Basi ninyi mliobaki, wa Kigombe na wa huko Muheza, watoto wa Fundi Singano, watoto wa Mhina, wajukuu wa Mzee Kipanga, nimesimulia kama ninavyokumbuka. Huenda kisima kilikuwa nyuma yetu, mimi nimekiweka mbele. Huenda kofia ya Mzee Kipanga nayo iliingia kwenye ufa, wajukuu zake watasema. Penye makosa nisahihisheni, nijulisheni ningali hai, nitashukuru. Isipokuwa pale palipoulizwa maji yako wapi. Hapo nilikuwepo, na jibu ninalo mimi.